Masikio Yavumayo na Vidonge vya Maumivu

Mke wa sajini mmoja mstaafu alinijia juma lililopita na malalamiko ambayo hapo mwanzo niliyadhania kuwa ni ya ndoa. "Mume wangu hanisikilizi," alisema. "Nikimwita kutoka jikoni haitiki, na usiku huniuliza kama nyenje wameingia chumbani." Sajini mwenyewe alikuwa na jibu tayari: bunduki za ujana wake ndizo zilizomharibu masikio.

Jibu hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Nilipouliza mzee anatumia dawa gani, bibi alitoa mkobani kichupa cha aspirini. Kwa ajili ya magoti yake, mzee alikuwa akimeza vidonge 12 vya miligramu 300 kila siku, yaani gramu 3.6, kwa muda wa miezi miwili.

Aspirini ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer mwaka 1899, lakini habari ya masikio ni ya kale zaidi. Madaktari wa karne ya 19 waliotibu baridi yabisi kwa salisilati, jamii ya dawa ambayo aspirini imetokana nayo, waliwasikia wagonjwa wakilalamikia uvumi masikioni. Hata baadaye, wengine waliufanya uvumi huo kuwa kipimo: waliongeza dawa hadi masikio yalie, ndipo wakaipunguza kidogo. Wazee waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wataufahamu mlio huo bila kuelezwa.

Ndani ya sikio, katika kijumba kilichojipinda kama cha konokono, mna seli zenye vinywele vyembamba mno. Zile za safu za nje hujikunyata na kujinyoosha kwa kila sauti, na hivyo huikuza ile iliyo hafifu. Salisilati huizuia protini iziwezeshayo kufanya kazi hiyo. Seli haifi, hulegea tu. Ndiyo sababu usikivu kwa kawaida hurejea siku chache baada ya dawa kukomeshwa. Sivyo ilivyo kwa sindano za jentamaisini na streptomaisini, ambazo huweza kuziua seli hizo, nazo zikifa katika sikio la mwanadamu haziti tena mahali pake nyingine.

Je, ibuprofeni na diklofenaki? Nazo zimetajwa, ingawa si sana kama aspirini nyingi. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walitangaza habari za wanawake 62,261 waliofuatiliwa kwa miaka 14. Waliotumia ibuprofeni siku mbili au zaidi kwa juma walipungukiwa usikivu kwa wingi kidogo kuliko wenzao. Hata parasetamoli, isiyo ya jamii hiyo, ilifuatana na jambo lilo hilo. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini mimi husema hivi: mtu amezaye vidonge kila juma, mwaka nenda mwaka rudi, ana maumivu ambayo hayajatafutiwa sababu, na duka la dawa si mahali pa kuitafutia.

Kwa askari liko jambo jingine. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na aliyekwisha kupunguziwa usikivu nao huenda asiusikie kabisa uvumi wa dawa, akaendelea kumeza bila onyo. Basi mwenye masikio ya namna hiyo na amweleze daktari kabla ya kuandikiwa vidonge. Yule aliyepewa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo asiikatize mwenyewe kwa kusoma maneno haya, bali aulize kwanza.

Daktari alimpunguzia sajini dozi, na siku ya nne nyenje wakanyamaza. Kilichochukuliwa na bunduki hakikurudi. Mkewe bado hulazimika kumkaribia ili amsemeshe.

Tulipokagua dawa za nyumba ile tulikuta pia chupa ya mafuta ya kuchulia yaitwayo wintergreen. Hayo nayo ni salisilati, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi hulingana na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini, kiasi kiwezacho kumwua mtoto mdogo akiyanywa. Chupa ilikuwa chini ya kitanda, wanapochezea wajukuu. Sasa imefungiwa kabatini, na ufunguo anao bibi.