Programu ikianguka, asilaumiwe mama wa soko

GOMA – Kijana anayejifunza kuandika programu za ordinateri kwa Python huanza mara nyingi na jambo dogo: programu inauliza, mtu anaandika jibu. Anaijaribu mwenyewe, inaenda vizuri. Kisha anampa mama muuza mchele aandike kilo alizouza. Mama anaandika «2,5», kama anavyoandika kila siku katika daftari lake. Programu inaanguka palepale, na kijana anasema: «Mama hajui ordinateri.»

Hapana. Mama ameandika sawa. Shule za Congo zinafundisha koma, kama Kifaransa. Python inangoja nukta. Aliyeandika programu ndiye aliyepaswa kulijua hilo.

Kila kinachoandikwa na mtumiaji, Python inakipokea kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Ni kazi ya mwanafunzi kuondoa nafasi zilizobaki pembeni, kubadili koma kuwa nukta, kisha kujaribu kupata namba. Ikishindikana, amri za try na except zinazuia programu isianguke, na swali linaulizwa tena kwa maneno yanayoeleweka: «Mama, andika kilo kwa tarakimu, mfano 2,5.»

Lakini si kila tarakimu ni ya kuhesabiwa. Namba ya simu ikigeuzwa kuwa hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea. Iachwe kama maandishi. Vilevile majina: Wakongomani wengi wana jina, postnom na prénom, na mengine yana apostrofi, kama N'Simba. Programu inayokubali herufi tupu na majina mawili tu inamkataa mwenye nchi.

Leo ni zoezi la darasa. Kesho kijana huyohuyo ataombwa programu ya kituo cha afya. Akifuta koma badala ya kuibadili, mtoto wa kilo 8,5 ataandikwa kilo 85, na programu haitalalamika hata kidogo. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko programu kuanguka, kwa sababu hakuna anayeliona.

Kwa hiyo walimu wa kozi hizi wasitoe pointi kabla programu haijawekwa mbele ya mtu ambaye hakuiandika. Akiandika «mbili na nusu», au akibonyeza bila kuandika kitu, programu imjibu kwa heshima na kumwuliza tena. Hapo ndipo mwanafunzi astahili kusema kwamba amemaliza kazi.