Mbele ya kufuta yote, tuulize kwanza

Ni hadisi yenye inarudia mu nyumba nyingi za watumikaji wa mugodi. Baba alijikaza, akanunulia mutoto ordinatere ya okazio. Siku moja mashini inaanza kutembea polepole. Mutoto anaona programu zenye hajui kazi yake, anaanza kuziondoa: moja, mbili, tatu. Kesho yake enternete haiingie tena, na kazi yake ya mwisho ya masomo, ile TFC, haifunguke. Wanakimbia kwa fundi. Fundi anatazama dakika tano, anasema: "Hii ni paka kuformate." Analipwa. Jioni mashini inarudi safi kabisa, na tupu kabisa. Kazi ya mwaka muzima imeenda.

Sisi tunasema wazi: mara nyingi ile TFC ilikuwa haiyapotea. Programu na maandishi ni vitu viwili. Programu ya kuandika ni kama funguo; ukitupa funguo, sanduku lingali mu nyumba. Rudisha ile programu, ao weka LibreOffice, yenye hailipishwe, kisha chagua "Ouvrir avec". Maandishi yatafunguka.

Wale wenye wanatumika chini ya udongo watatuelewa upesi. Hakuna mutu anaondoa muti wa kuegemeza mbele ya kujua unabeba nini. Mu Windows pia kuna mafaili yenye programu nyingi zinategemea pamoja. Ukifuta dosye ya programu kwa mukono, unavuta muti bila kutazama juu. Njia ya kweli ni kupita mu "Paramètres", kisha "Applications", kisha "Désinstaller". Na kama mashini inauliza kama ifute faili yenye programu zingine zinatumia, jibu apana.

Antivirisi ndiyo inasumbua zaidi, juu inajiweka kati ya mashini na enternete. Ikitoka nusu, inaweza kuacha njia imefungwa. Kwanza fanya "Redémarrer", juu mara nyingi kazi ya kuondoa inaisha paka hapo. Ikikatala, watengenezaji wa antivirisi wengi wanatoa bure programu ndogo ya kufagia mabaki yake; ichukue mu mashini ya jirani, uilete na kle USB. Kisha kuna "Réinitialisation du réseau", lakini andika kwanza neno la siri la Wi-Fi ku karatasi, juu litafutika. Na kama mashini iliweka "point de restauration" mbele ya shida, "Restauration du système" inairudisha nyuma bila kugusa maandishi yako.

Hatusemi kama kuformate ni kosa. Kuna siku ni lazima, disiki ikijaa virusi ao Windows ikikatala kabisa kuwaka. Lakini ni dawa ya mwisho, haiko ya kwanza.

Kwa ninyi mafundi, tunaheshimu kazi yenu, inalisha watoto. Lakini fundi wa kweli, mbele ya kugusa kitu, anauliza: "Maandishi yenu iko wapi? Tuyaweke pembeni kwanza." Hata mashini yenye haiwake, mara nyingi disiki yake inasomeka mu mashini ingine.

Kwa ninyi baba na mama, musione haya kuuliza mbele ya kulipa. Museme: "Fundi, tuonyeshe kwanza umeweka wapi vitu vya mutoto." Kama hawezi kuonyesha, mubebe mashini yenu, mutafute mwingine.

Na ninyi wanafunzi, kila posho, nakili kazi yenu mu kle USB, muiweke mbali na ordinatere. Ile mashini ilitoka mu mushahara wa mugodi, na baba anaweza siku moja kununua ingine. Mwaka wa masomo hauuzwe mu soko.