Mama, soma makato yako kama unavyosoma kadi ya kliniki

Leo tuweke pembeni chanjo na uji wa lishe, tuongee hela.

Kliniki nikisahau kujaza uzito wa mtoto kwenye kadi, mama ananishtua hapohapo: "Nesi, hujaandika." Naipenda sana hiyo. Lakini mama huyohuyo ukimuuliza kazini anakatwa nini, anakwambia, "We acha tu, wanakatakata." Jamani, hapana. Kukatwa si tatizo. Tatizo ni kukatwa bila kujua hela imekwenda wapi.

Tuchukue mfano. Umeajiriwa kampuni binafsi hapa Bara, mshahara 600,000.

Kwanza inatoka NSSF, asilimia 10, yaani 60,000. Mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake, kutoka mfukoni mwake, siyo kwako.

Zinabaki 540,000. Hizo ndizo zinazopigiwa kodi ya mshahara, ile PAYE. 270,000 za mwanzo hazina kodi. Kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Zile 20,000 zilizozidi ni asilimia 20, yaani 4,000. Kodi yote 24,000. Unaondoka na 516,000.

Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo nayo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ila ukiona umekatwa SDL au WCF, uliza. Hizo analipa mwajiri.

Halafu kuna hili: "Mshahara ukivuka milioni, kodi inakula nyongeza yote." Si kweli. Asilimia 30 inakatwa kwenye ile sehemu iliyozidi milioni tu. Usikatae kupandishwa kwa ajili ya maneno ya korido.

Na wewe mama wa nyumbani au muuza vitumbua usiseme hayakuhusu. Kodi ya mshahara inaonekana kwenye karatasi, lakini VAT imejificha ndani ya bei. Ukinunua sabuni ya kufulia nguo za mtoto, kwa kawaida asilimia 18 imo humo. Hakuna asiyelipa kodi.

Sasa nikwambie kwa nini nakomaa na jambo hili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa zahanati ya mtu binafsi. Kila mwezi karatasi ilionyesha NSSF imekatwa, mimi nikawa naikunja naitupa kwenye pochi. Nikapata mimba. Nikaenda kuulizia fao la uzazi, maana NSSF wanalo, ila lazima uwe na michango ya kutosha. Dada wa dirishani akaangalia, akaniangalia usoni, akasema, "Dada, hapa kuna miezi minne tu." Nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu na ushee.

Hela ilikatwa kwangu, haikufika. Nilifuatilia nikiwa na tumbo la miezi minane, jua la saa saba, miguu imevimba. Michango ikaja kulipwa mtoto ameshaanza kutambaa. Fao sikulipata.

Mwajiri alikosea, tena sana. Lakini ningeulizia mwezi wa tano, nisingeyagundua mwaka wa nne.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila mwezi dai karatasi ya mshahara, ni haki yako, na itunze kwenye mfuko uleule wa kadi ya mtoto. Kila baada ya miezi mitatu ulizia NSSF michango yako, au PSSSF kama uko serikalini. Ukikuta pengo, muulize mhasibu kwa upole, kwa maandishi. Akikuzungusha, nenda ofisi ya mfuko na karatasi zako.

Na akina baba mnaosoma kimyakimya, nanyi mkae na wake zenu muangalie karatasi zote mbili. Hakuna siri hapo, ni maziwa ya mtoto hayo.

Usisubiri mimba ndiyo uulize. Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha 100, na zinakwisha haraka. Zitumie kumnyonyesha mtoto, siyo kupanga foleni kama mimi.

Nawapenda. Tukutane sehemu ijayo.