MWINDAJI NA BAISKELI YA MLIMANI

Wengi wenu mkiniona asubuhi nikiingia langoni mwa shule juu ya baiskeli, jasho likinitiririka na suruali nimeifunga kamba kifundoni, hunicheka. Mmoja aliniuliza kama nimeanza biashara ya mkaa. Mwingine alisema ati nyumbani kwetu nauli imekwisha. Sikuwajibu wakati ule, maana mtu anayehema hawezi kushindana kwa maneno. Leo nimepewa nafasi katika gazeti letu, na pumzi ninayo, basi nitajibu.

Sipandi baiskeli kwa kukosa nauli. Napanda kwa sababu ya kongoni mmoja.

Mjomba wangu ni karani mjini, na mwaka akijaliwa hukata leseni akaenda kuwinda. Likizo ya Desemba alinichukua nimbebee maji na miti ya kuegemeza bunduki. Siku ya pili asubuhi tuliona kundi la kongoni ng'ambo ya kilima. Upepo ulikuwa mzuri, lakini ilitubidi tuzunguke na kupanda upesi kabla hawajaondoka. Mjomba ana miaka 52, na kazi yake ni ya kukaa kitini. Mimi nina miaka 18, na kazi yangu pia, nikisema kweli, ni ya kukaa kitini.

Tulifika juu moyo ukitudunda kama ngoma. Mjomba akaweka bunduki juu ya miti, nami nikaona mdomo wa bunduki ukipanda na kushuka kwa kila pumzi yake. Alingoja kidogo atulie, lakini kongoni wakaanza kusogea, naye akapiga. Risasi ilimpata mmoja tumboni, akakimbia.

Ada ya wawindaji ni kwamba aliyejeruhi sharti afuate. Tukafuata damu mpaka saa nane mchana. Tulipofika kilima cha pili miguu yangu ikakataa. Askari wa wanyamapori aliyefuatana nasi hakukubali tutengane, kwa kuwa pori lile lina simba. Basi sote watatu tukakaa chini kwa ajili yangu, na jioni tukarudi. Kesho yake alfajiri tulionyeshwa mahali na tai waliokuwa wakizunguka juu. Fisi walikuwa wamebakiza pembe na ngozi kidogo.

Mjomba hakunigombeza. Alinyamaza njia nzima, kisha akaniambia, "Mjomba, mnyama yule hakuuawa na risasi. Ameteswa na uvivu wetu."

Neno lile halijanitoka mpaka leo. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mwindaji ni kulenga shabaha tu. Mimi naona kwamba mwindaji ana deni kwa mnyama, nalo ni kumwua mara moja pasipo kumtesa. Deni hilo halilipwi kwa bunduki nzuri peke yake, bali hulipwa kwa pumzi. Mtu asiye na pumzi hata akiwa na macho ya tai atakosa.

Ushahidi upo. Katika nchi za baridi kuna mchezo uitwao baiathloni, ambao umo katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi tangu mwaka 1960. Wachezaji huteleza mbio juu ya theluji, kisha husimama ghafula na kupiga shabaha iliyo umbali wa mita 50. Wakipiga hali wamelala, shabaha ina upana wa milimita 45, yaani kama kifuniko cha chupa ya maji kwa ukubwa zaidi kidogo. Wakipiga hali wamesimama, ni milimita 115. Akosaye huadhibiwa. Basi wale hufanya kila siku jambo lililotushinda sisi juu ya kilima, yaani kutuliza moyo na kupiga. Na majira ya joto, theluji inapokwisha, wengi wao hujizoeza kwa baiskeli.

Kwa nini baiskeli? Moyo ni msuli, na kama misuli mingine huongezeka nguvu kwa kazi. Moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo hauna haja ya kupiga haraka haraka, na baada ya kazi hurudi upesi katika utulivu wake. Kupanda mlima kwa baiskeli huupa moyo kazi hiyo bila ya kuyaumiza magoti, kwa sababu uzito wa mwili hubebwa na tandiko. Mjomba ana goti bovu na hawezi kukimbia mbio. Siku hizi ana baiskeli ya mtumba yenye gea nyingi, naye hupanda nayo mara tatu kwa juma baada ya kazi.

Baiskeli hizi zina historia ya kuchekesha. Katika miaka ya 1970 vijana wa California, Marekani, walichukua baiskeli kuukuu na nzito, wakashindana kuteremka njia za vumbi karibu na mlima Tamalpais. Shindano lao lililopata sifa zaidi lilianza mwaka 1976. Breki zilipata moto hata grisi ikaungua, na baada ya kila mbio iliwabidi wajaze grisi upya. Baadaye walitia gea na breki bora, ikawezekana kupanda kama walivyoteremka. Mwaka 1996 mbio za baiskeli za mlimani ziliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta. Lakini msidhani kwamba sharti mtu awe na baiskeli ya thamani. Yule muuza mkaa mnayenifananisha naye hupandisha baiskeli isiyo na gea hata moja, na magunia mawili nyuma. Nani kati yetu aweza kushindana naye kwa pumzi? Mimi kufananishwa naye naona ni sifa.

Kutoka kwetu mpaka shuleni ni kilomita 7 za njia ya udongo, na karibu nusu ni kupanda. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikishuka na kusukuma mara tano. Sasa sishuki. Siku mbili kwa juma napanda kwa nguvu dakika nne, kisha napunguza mwendo mpaka pumzi irudi, halafu naanza tena, mara nne kwa jumla. Siku nyingine nakwenda mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si wa kuweza kuimba. Hicho ndicho kipimo changu, nacho hakina gharama.

Walakini nisingependa kuwadanganya wasomaji. Wako wasemao kwamba baiskeli yatosha. Nami nilidhani hivyo, mpaka likizo ya Pasaka nilipokwenda kumtazama bibi mlimani. Kupanda kwa miguu nilipanda bila taabu, nikajiona shujaa. Kuteremka na mfuko wa viazi mgongoni ndiko kulikonishinda, na siku mbili mapaja yaliniuma hata kukaa kitini ikawa shida. Mpanda ngazi hushuka! Mtu anaposhuka kwa miguu, misuli ya paja huvutwa huku ikishikilia uzito, kama mtu ateremshaye ndoo ya maji kisimani polepole kwa kamba. Kazi hiyo baiskeli haifundishi, kwa maana mteremkoni twashika breki tu. Tena baiskeli haiipi mifupa uzito wa kuizoeza, wala haiufundishi unyayo kukanyaga jani kavu pasipo sauti.

Tuna walimu wa jambo hilo katika nchi yetu wenyewe. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi huwinda kwa upinde, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wanaume wao hutembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku. Hawakwenda kujizoeza mahali popote. Maisha yao ndiyo zoezi. Sisi tuliozaliwa na daladala mlangoni sharti tutafute kwa kusudi kile ambacho wao hukipata kwa desturi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Miezi ya kwanza mtu apande baiskeli, apate pumzi. Ukibaki mwezi mmoja au zaidi kabla ya safari, aiegemeze baiskeli ukutani siku mbili kwa juma, abebe mzigo wa kiasi, apande na kushuka kilima kwa miguu yake. Baiskeli ni mwalimu wa moyo. Mwalimu wa miguu ni njia yenyewe.

Nawaonya pia wenzangu juu ya mambo mawili. Kwanza, msiende kujifunza katika barabara kuu kama ile ya mlima Kitonga yenye kona nyingi na malori. Tafuteni njia za udongo, vaeni kofia ngumu, na mjaribu breki kabla ya kuteremka. Pili, pumzi si ruhusa. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 yataka leseni, na awindaye bila leseni ni jangili hata akiwa na moyo wa farasi.

Mjomba ameniahidi kwamba akijaliwa kupata leseni tena atanichukua. Kongoni yule hatuwezi kumrudishia uhai wake. Lakini tutakapofika juu ya kilima kingine, nataka miti ile nishike kwa mkono usiotetemeka, na kama mnyama atahitaji kufuatwa, asiwepo mtu wa kukaa chini kwa ajili yangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami nainama kila asubuhi juu ya usukani, mkicheka msicheke.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne