Mtoto Amechaguliwa, Lakini Alipe Kwanza

Mwezi huu tunajibu swali lililotufikia kutoka zaidi ya nyumba moja, nalo linahusu mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona kwa macho: besiboli.

Habari yenyewe ni hii. Ndugu zetu waliokwenda Marekani miaka iliyopita wana watoto waliokulia kule, na watoto hao wanacheza michezo ya kule. Basi simu inapigwa: "Mama, mwezi huu mtuvumilie kidogo. Kijana amechaguliwa kwenda kuonyesha kipaji chake, kuna pesa inatakiwa." Huku watu wanashangilia, maana neno "kuchaguliwa" sisi wakimbizi tunaujua uzito wake. Tumesimama sana mbele ya mbao za matangazo tukitafuta majina yetu. Lakini pesa iliyokuwa ije kulipa karo ya wadogo haiji, na muhula unaofuata ni vilevile. Picha zinatumwa kwenye simu, kijana ana cheti na medali shingoni. Ndipo bibi yake anatuuliza: jamani, huyu mjukuu wangu ana kipaji kweli, ama wanamla pesa?

Swali la bibi ni zuri, na halijibiwi kwa neno moja.

Katika besiboli kuna mrushaji anayerusha mpira mdogo, mgumu, na mpigaji anayeungojea na gongo. Wengine wanadaka. Tofauti na mpira wa miguu, mambo mengi ya mchezo huu yanapimika. Mwendo wa mpira unasomwa kwa mashine ya rada. Mbio za yadi 60, yaani kama mita 55, zinapimwa kwa saa. Hata muda ambao mdakaji anatumia kuurudisha mpira unahesabiwa kwa sehemu za sekunde. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kukusanya vijana mia moja uwanjani siku moja au mbili, akawapima mmoja mmoja, akaandika namba zao, na kila mzazi akalipa. Hilo ndilo onyesho la vipaji. Ada yake mara nyingi ni mamia ya dola, na hapo hujahesabu mafuta ya gari, hoteli, chakula na glavu mpya.

Kampuni inayojulikana zaidi katika kazi hii inaitwa Perfect Game, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika jimbo la Iowa. Iowa ni mahali pa baridi kali, msimu wa kucheza ni mfupi, na wasaka vipaji walikuwa hawafiki sana kule. Shida ilikuwa ya kweli: kijana hodari alikuwa anaweza kumaliza sekondari bila mtu yeyote wa maana kumwona. Kwa hiyo tusiseme kwamba maonyesho yote ni ulaghai. Makocha wa vyuo na watu wa timu kubwa wanakuja kweli kwenye yale makubwa, wanakaa nyuma ya wavu na madaftari yao, na wengi sana kati ya wanaocheza leo katika Ligi Kuu ya kule walipita huko. Kampuni hiyo humpa kijana alama kuanzia 1 mpaka 10. Mwenye 10 anategemewa kuwa kati ya wa kwanza kuchukuliwa na timu za kulipwa. Mwenye 7 ni kijana wa kuchezea chuo, na pengine zaidi akiendelea kukua.

Sasa tutenganishe vitu viwili ambavyo wazazi wengi wanavichanganya, namba na heshima. Namba ya rada haijui kama baba amelipa au hajalipa. Kijana akirusha maili 88 kwa saa, ni 88. Lakini heshima ni kitu kingine: "mchezaji bora wa mashindano," "kikosi cha nyota," "ametajwa kwa heshima." Heshima inatolewa na yule yule aliyepokea ada, naye anajua kwamba mzazi aliyepewa cheti atarudi tena mwakani. Orodha nyingine zina majina mamia. Tena hata pale ambapo mwenye onyesho ni mwaminifu kabisa, anaweza kuchagua aliye bora kati ya waliokuja tu. Aliyebaki nyumbani kwa kukosa nauli hayumo, na hakuna anayejua angekuwa wa ngapi.

Na hata namba inasema habari ya mwili wa leo. Kijana wa miaka 13 aliyeanza kuota ndevu mapema atarusha kwa nguvu kuliko mwenzake ambaye bado ni mtoto. Akifika miaka 17 wenzake wamemfikia, na ile alama ya kutisha imekuwa ya kawaida. Kwa watoto wetu kuna jambo la zaidi. Wangapi kati yetu tumeandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu karatasi zilipotea njiani? Mtoto aliyeandikwa mkubwa kuliko umri wake anaweza kupimwa na watu waliomzidi mwaka mzima, halafu wakasema hana kitu. Au kinyume chake, akasifiwa kwa nguvu ambazo ni za umri tu.

Kama ni kutafuta mifano, iko. Albert Pujols alihamia Marekani mwaka 1996 akiwa kijana kutoka Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1999, timu zilipochagua wachezaji, majina 401 yalisomwa kabla ya lake. Alistaafu mwaka 2022 akiwa amepiga mipira 703 ya kutoka nje ya uwanja, na walio mbele yake katika historia ya ligi ile ni watatu tu. Mike Piazza mwaka 1988 alichukuliwa katika duru ya 62, wakati ambapo watu walikuwa karibu wanafunga madaftari. Leo jina lake liko katika jumba la kumbukumbu la wachezaji wakuu. José Altuve wa Venezuela alifukuzwa siku ya majaribio kwa sababu ni mfupi. Kesho yake akarudi. Timu ikampa dola 15,000 mwaka 2007, na mwaka 2017 akatajwa mchezaji bora wa upande wake wa ligi. Msitudhanie tunasema kwamba wanaosifiwa mapema huwa hawafiki. Wengi wanafika. Tunachosema ni kwamba macho ya wasaka vipaji, ambao ndiyo kazi yao na hawalipwi na mzazi, yanakosea kiasi hicho. Sembuse cheti cha siku mbili.

Pesa ndiyo inayotuuma zaidi. Andrew McCutchen alikulia katika familia isiyo na kitu huko Fort Meade, Florida, na mwaka 2013 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 2015 aliandika waziwazi kwamba mtoto maskini hakosi kipaji, anakosa pesa ya kufika mahali ambapo kipaji kinatazamwa. Yeye mwenyewe alifika kwa sababu kocha mmoja alimchukua na kumgharimia. Mtu aliyeshinda ndani ya utaratibu ule ndiye anayesema mlango ni mwembamba kwa wasio nacho. Tunamwamini kuliko karatasi ya matangazo.

Ndugu zetu wengine wanajibu: tunalipa sasa ili baadaye asome chuo bure. Hapo tunaomba wafanye hesabu taratibu. Kwa miaka mingi, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa ufadhili 11.7 tu kwa kikosi chote cha besiboli, unagawanywa vipande vipande, huyu robo, yule nusu. Mwaka 2025 kanuni ilibadilika, na vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vinaweza kufadhili wachezaji hadi 34, lakini kuruhusiwa siyo kulazimishwa, na vyuo vingi havina fedha hizo. Upande wa timu za kulipwa, tangu mwaka 2021 wanachagua kwa duru 20, wakati hadi mwaka 2019 zilikuwa 40. Ni kama vijana 600 kwa mwaka katika nchi nzima kubwa vile. Familia inayotumia dola elfu kadhaa kila mwaka kuanzia mtoto ana miaka 11 inaweza kufika mwisho imetumia zaidi ya msaada ambao chuo kingempa.

Kuna na mkono wa mtoto. Mbele ya rada kila kijana anataka kurusha kwa nguvu zake zote, hata kama hajapumzika. Ligi Kuu na chama cha besiboli cha Marekani walitoa mwongozo mwaka 2014: mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku, na kila mwaka apumzike kurusha si chini ya miezi minne. Desemba 2024 ligi hiyo ilitoa ripoti kuhusu kuumia kwa warushaji, ikataja kukimbizana na mwendo mkubwa, na maonyesho haya ya vijana yakiwemo, kuwa sehemu ya chanzo. Mishipa ya kiwiko ikikatika ni upasuaji. Na bili ya hospitali kule mnazisikia wenyewe kwenye simu.

Basi ndugu akipiga simu tena, msimkemee. Yuko mbali, mtoto wake anataka kufanana na wenzake, na baba gani atasema mwanangu hana kipaji? Muulizeni tu maswali ya kawaida. Barua ilikuja kwa jina la mtoto kwa sababu mtu alimwona akicheza, au ilitumwa kwa kila aliyejiandikisha? Nani alimwona, wapi, siku gani? Kocha wa shule yake, ambaye hapati kitu kwa jibu lolote, anasemaje? Makocha gani wa vyuo watakuwepo, na je, wamethibitisha wenyewe? Kama mtoto ana miaka 12 na barua inataja chuo, wajue kwamba kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2023 makocha wa vyuo vya daraja la kwanza hawaruhusiwi kuzungumza na kijana habari ya kumchukua kabla ya tarehe 1 Agosti anapoelekea mwaka wa tatu wa sekondari. Barua ya namna hiyo ni ya kuuza nafasi kambini, siyo ya kumtaka mtoto.

Halafu kuna njia za gharama ndogo. Timu ya shule ipo. Katika miji mingi upo pia mpango wa RBI, ulioanzishwa na John Young huko Los Angeles mwaka 1989 kwa ajili ya watoto wa mitaa ya kawaida, na baadaye ukachukuliwa na Ligi Kuu yenyewe. Kama kijana ni wa sekondari ya juu, na kocha asiye na faida anasema yuko tayari, onyesho moja lililochaguliwa vizuri linaweza kuwa na maana. Moja. Siyo manane kwa mwaka.

Hapa Uganda tulipo mchezo huu siyo mgeni kama tunavyofikiri. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania, ikakwama kwa viza. (Hapo tunajua msomaji ametikisa kichwa.) Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika katika mashindano yale. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma, walisaini na Dodgers ya Los Angeles. Na Dennis Kasumba, yatima aliyelelewa na bibi yake, alijifunza na matairi ya gari na chupa za maji, watu wakamwona kwenye video, na mwaka 2023 akaitwa kucheza Marekani katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa. Hakuchaguliwa mwaka huo. Lakini angalieni pesa ilikwenda upande gani: aliyesaini na timu, timu ndiyo inayomlipa yeye.

Tunayasema haya pia kwa sababu ya jirani zetu wanaopita kwenye ploti na fomu za mpira wa miguu. "Majaribio Kampala, mawakala wa Ulaya watakuwepo, kijana wako tumemchagua, lete pesa ya usajili na picha mbili." Majina ya mawakala hayatajwi, jina la uwanja linabadilika kila wiki, na simu inazimwa siku ya safari. Katika besiboli ya Marekani angalau kijana anarudi na namba ya kweli ya rada. Hawa wa hapa hata uwanja hawana. Msitoe pesa kabla ya kuongea na kocha wa timu ya kambi na mwenyekiti wa kijiji chenu, na mtu huyo aje mbele yao na fomu zake.

Mwenye barua ya mtoto wake au ya ndugu aliye ng'ambo, ya besiboli au ya mpira, na Kiingereza chake kinamshinda, ailete ofisini kwetu siku za jarida. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari, hasa yale maandishi madogo ya chini.