Lakabu: Mzaha Unapogeuka Tusi

 

Ndugu Waislamu, mji wetu wa Ujiji umejaa lakabu. Mmanyema, Mbwari, Mgoma, Mbembe, Muha: majina haya husikika sokoni, mwaloni na barazani, na wanaoitwa huitika kwa kicheko. Lakini jina lile lile, likitoka katika kinywa kingine, huvunja posa na kuwatenga watu waliosimama safu moja katika Sala. Ipi basi hukumu yake?

Tulitazame jina la Mmanyema. Asili yake ni nchi ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambako leo liko jimbo la Maniema, Kongo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilivusha watu wa makabila mengi hadi Ujiji, wengine kwa hiari, wengine kwa minyororo, na wote wakaitwa jina moja. Wajukuu wao walilibeba kwa heshima hadi Dar es Salaam, ambako upo Msikiti wa Manyema. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Basi anayemkataa mposaji kwa kusema "huyu Mmanyema tu" hataji nchi ya babu yake, anataja mnyororo.

Na hili la "Mrundi" ni hivyo hivyo. Ni jina la watu wa nchi jirani, wala halina aibu. Kiha na Kirundi husikilizana, na wakimbizi waliovuka mwaka 1972 na 1993 walipokelewa mkoani mwetu. Muha wa Kasulu akiitwa Mrundi na rafikiye kwenye kahawa, hucheka. Akiitwa hivyo na hasimu wake katika ugomvi wa shamba, anavuliwa uraia mbele za watu. Na Mrundi wa kweli aliyepo hapo anafahamishwa kuwa nasaba yake ni tusi. Neno moja limejeruhi wawili.

Watasema: "Huu ni utani wa jadi." Tunajibu: utani una mipaka yake. Watani ni watu sawa, kila mmoja ana haki ya kurudisha. Asiyeweza kujibu hataniwi, anadharauliwa.

Allah (S.W.) amekataza kuitana kwa lakabu mbaya katika Suratul-Hujurat, aya ya 11. Imepokewa kuwa sehemu hiyo iliwashukia Banu Salima wa Madina, ambao kila mmoja wao alikuwa na majina mawili au matatu. Mtume (S.A.W.) alipomwita mtu kwa mojawapo, akaambiwa kuwa mwenyewe hulichukia. Zingatieni: kipimo kilikuwa moyo wa anayeitwa, si nia ya anayeita.

Sayyidna Ali (R.A.) aliitwa Abu Turab na Mtume (S.A.W.), akalipenda kuliko majina yake yote. Baadaye mahasimu wake wakalitumia jina hilo hilo kumtukana. Herufi hazikubadilika, kilichobadilika ni makusudio.

Ndiyo maana wanazuoni hawakufunga mlango wote. Mpokezi mkubwa wa Hadithi anajulikana kwa lakabu ya Al-A'mash, mwenye macho dhaifu. Imamu An-Nawawi ameruhusu lakabu kama hiyo kwa ajili ya kumtambulisha mtu, akaharamisha kuitumia kwa kumdunisha, na akasema kuwa ikiwezekana kumtambulisha kwa njia nyingine ndiyo bora.

Basi kabla ya kuita, tujiulize: Je, mwenyewe analiridhia? Je, anaweza kunijibu? Je, nalitaja kumtambulisha au kumshusha? Na wazazi wakataapo posa, wataje dini na tabia za kijana. Nasaba yake waiache. Walimu nasi tusinyamaze wanafunzi wanapoitana kwa makabila madrasani, kwani ulimi wa kesho unafunzwa leo.