Laptop mpya, video inagoma: Kumbe ni hela ya kodeki

Mwaka 2025 wateja waligundua kwamba HP na Dell zimezima uwezo wa kufungua video za HEVC kwenye baadhi ya laptop zao za kazini, ingawa prosesa iliyomo ndani inaweza kazi hiyo. Video ikichezwa kwenye kivinjari inaweza kugoma kabisa, na mtu akadhani faili limeharibika.

Kinachonuka hapa ni hela. HEVC imejaa hataza, na watengenezaji hulipia leseni kwa kila kompyuta. Kwa mashine moja ni pesa ndogo. Kwa mamilioni, si haba. Basi mzigo anabebeshwa mnunuzi: kwenye duka la Microsoft kodeki hiyo huuzwa dola 0.99.

Na hizi si video za wataalamu tu. iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC mwaka 2017, kwa hiyo hata video ya harusi inaweza kugoma.

Kupakua "kodeki za bure" kwenye tovuti usiyoijua ni kukaribisha virusi. VLC ni ya bure na inakuja na kodeki zake, ila haisaidii kitu ndani ya kivinjari. Huko tegemeo ni AV1, iliyotoka 2018 bila ada, na YouTube na Netflix tayari zinaitumia.